Kibaraza Kisichong'aa

Jumapili, 4 Agosti

Daftari hili lilinunuliwa kwa ajili ya dawa za mume wangu: saa ya kumeza, idadi ya vidonge, siku za kurudi kliniki. Zimejaa kurasa nne, na sasa dawa zimebaki aina mbili tu, ambazo hata mimi siwezi kuzichanganya. Kurasa zilizobaki ni zangu. Nimekaa miaka thelathini na mmoja nikichapa barua za wakubwa ofisini, na sikuwahi kuandika neno langu mwenyewe. Hata lile "wako mtiifu" la mwisho lilikuwa lao.

Habari yenyewe ni ya kibaraza. Ukitoka mlango wa jikoni, nyuma ya nyumba, kuna kibaraza cha mbao chenye urefu wa hatua kumi na moja na upana wa hatua tano, hakina paa, kimesimama juu ya nguzo za kimo cha goti. Mume wangu alikijenga kwa mikono yake miaka kumi na mitano iliyopita. Yeye ni fundi wa samani. Mji mzima unamwita Fundi, na mimi nami namwita Fundi nikiwa nimemkasirikia. Meza na makabati yake hung'aa kiasi kwamba unaweza kuchana nywele bila kioo, na kibaraza nacho alikitendea hivyohivyo. Kila mwaka kiangazi kikianza, alipaka vanishi mpya juu ya ile ya zamani.

Mwezi wa tano, siku ya manyunyu, aliteleza palepale akavunjika nyonga. Yuko chumba cha nyuma, kitandani, na dirisha lake linatazama kibaraza. Daktari anasema mfupa umeunga vizuri, kilichobaki ni atembee, atoke nje, apate jua, la sivyo mguu utasahau kazi yake. Mlango wa mbele una ngazi saba. Mlango wa jikoni hauna hata moja, unatokea moja kwa moja kibarazani. Bila kibaraza mume wangu hatoki.

Leo amekuja shemeji, mdogo wake. Ni mkandarasi wa majengo, na kwake hakuna tatizo duniani lisilotibika kwa saruji, ndiyo maana tunamwita Zege. Akapiga mbao mbili kwa kisigino, moja ikabonyea. Akatangaza kwamba kibaraza kimeoza, ndicho kilichomvunja kaka yake, na yeye atakibomoa amwage zege. Ana kazi nyingine hadi katikati ya Oktoba. Atakuja tarehe ishirini na watu wake, kabla mvua hazijaanza. Nikamuuliza kama zege litafika usawa wa mlango. Akasema hapana, litakuwa chini, lakini ataweka vingazi vitatu tu. Vitatu tu! Nyonga si yake.

Nikamgeukia Fundi. Alikuwa anatazama ukuta. Akasema ama tukipake vanishi kama kila mwaka, ama Zege akibomoe, yeye hataki kutazama kitu chakavu dirishani kwake.

Basi. Mimi nimepiga moyo konde. Hakibomolewi.

Jumatano, 7 Agosti

Nimefagia kibaraza. Jua kali. Mume wangu ametembea kwa magongo hadi mlango wa chumba na kurudi, akasema inatosha.

Jumamosi, 10 Agosti

Nimeingia chini ya kibaraza na tochi na bisibisi. Mtu wa miaka hamsini na nane anatambaa kwa tumbo katikati ya tandabui. Jirani angeniona angempigia simu binti yangu. Nimechoma bisibisi kila boriti na kila nguzo. Zote ngumu, ncha haiingii. Nikapanda juu nikafanya vivyo hivyo kwenye mbao za kukanyagia, zote hamsini na mbili. Saba zimelainika. Saba tu, na Zege anataka kuzika hamsini na mbili.

Lakini kuna jambo limenikosesha raha. Zile saba ndizo zenye vanishi nene kuliko zote, pale wanapokaa wageni, ambapo Fundi alikuwa akipaka mara mbilimbili. Vanishi imeingia nyufa nyembamba kama sahani ya zamani, na chini ya nyufa mbao ni nyeusi. Nimebandua kipande kwa ukucha kikatoka kama ganda la yai. Upande wa ndani ulikuwa na unyevu. Hatujaona tone la mvua kwa miezi miwili.

Pale alipoteleza napajua, mimi ndiye niliyemwinua. Ubao ule ni mzima kabisa, bisibisi imegoma.

Jumatatu, 12 Agosti

Fundi alinituma vanishi, makopo mawili. Nimekwenda kwa Mama Rangi, mwenye duka la rangi karibu na posta, mwanamke mwenye vidole vya rangi tano na haraka ya mtu mmoja anayehudumia kumi. Nilipomwambia ni ya kibaraza cha nje, mkono wake ukasimama juu ya kopo.

"Miaka yote hii nilidhani anapaka meza," akasema.

Nikamwonyesha lile ganda nililobandua, nilikuwa nimelifunga kwenye leso. Akaligeuza mara mbili, akanieleza kwa utaratibu kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Mbao ya nje huvimba ikilowa na kusinyaa ikikauka. Vanishi ni ngozi ngumu, haivimbi wala haisinyai, kwa hiyo hupasuka. Maji yanaingia kwa ule ufa, na yakishaingia hayana pa kutokea. Kila tabaka jipya juu yake linazidi kuyafungia. Kinachotakiwa nje ni mafuta ya mbao yenye rangi, yanayozama ndani na kuiacha mbao ipumue. Lakini kwanza vanishi yote itoke, mpaka ya mwisho. Nitajua imetoka nikidondosha maji juu ya ubao yakanywewa. Yakisimama, bado.

Nikamuuliza kwa nini hakumwambia mume wangu mapema.

"Nani amwambie Fundi habari za mbao?" akasema. Hakuwa anatania.

Nimerudi na dawa ya kubandua, bapa la chuma la kukwangulia na karatasi za msasa. Nimemwambia mume wangu vanishi imekwisha dukani. Ni uongo wangu wa kwanza kwake tangu nilipomsifia koti lake la harusi.

Jumapili, 18 Agosti

Nimeanza upande wa mbali na dirisha lake. Unapaka dawa, unasubiri ivimbe malengelenge, unakwangua. Miaka kumi na mitano ina matabaka kumi na mitano. Ili asisikie kukwangua nimeweka redio kwenye kizingiti cha dirisha na kuipandisha sauti. Akauliza kama redio imekuwa kiziwi. Nikasema nataka asikie mpira vizuri. Ilikuwa taarifa ya bei za mazao.

Mbao tatu kwa siku nzima. Mgongo umekufa ganzi.

Alhamisi, 22 Agosti

Mbao nne. Mkono umeanza kuzoea.

Jumapili, 25 Agosti

Nilisahau kwamba seremala ana pua. Asubuhi upepo umegeuka ukapeleka harufu ya dawa chumbani kwake. Nilipompelekea chai alikuwa amejiinua kwenye mito.

"Hiyo ni dawa ya kubandua. Unabandua nini?"

"Kibaraza."

Akaiweka chai kando bila kuionja. Kisha akasema watu wote waliowahi kukanyaga nyumba hii waliondoka wakisifia sakafu ile, kwamba ndiyo iliyomletea nusu ya wateja wake, na kwamba mimi namchuna ngozi akiwa hai. Nikamweleza habari ya nyufa na unyevu. Akauliza nimejifunza lini. Nikasema kwa Mama Rangi. Hapo nilikosea, kwa sababu alicheka kile kicheko chake kifupi cha puani.

"Muuza makopo," akasema. "Nimeshika randa wewe hujajua kushona kifungo."

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa mdomoni, tayari limekaa vizuri: ubao uliokuangusha si ule uliooza, ni ule ulioung'arisha. Nikalimeza. Nimekasirika sana, lakini mtu aliyelala chali miezi mitatu humpigi na neno kama hilo. Nikachukua kikombe nikarudi kukwangua, safari hii bila redio.

Jumatatu, 26 Agosti

Hajazungumza.

Jumanne, 27 Agosti

Hajazungumza. Mbao tano.

Jumatano, 28 Agosti

Amezungumza. Ameomba chumvi.

Jumapili, 1 Septemba

Binti yetu amepiga simu kutoka huko aliko. Baba yake amemwambia mama anaharibu nyumba. Akaniuliza kwa upole kama siwezi kumwachia baba mdogo hilo zege, tukapumzika sote. Nikamwambia aje atembee ngazi tatu na nyonga iliyovunjika ndipo tuzungumze. Nadhani nilikuwa mkali kuliko alivyostahili.

Magongo yako ukutani palepale tangu Jumapili iliyopita. Amegoma kutembea. Anasema hana pa kwenda. Ameanza kupungua mguu ule wa kushoto, naona ninapomwogesha, na inaniuma. Siku zinakwenda na nimebakiza mbao kumi na tisa.

Ijumaa, 6 Septemba

Ubao wa mwisho umekwanguliwa. Nimepiga msasa kufuata nyuzi za mbao, nimedondosha maji kila ubao. Yamenywewa kote. Mbao zimebaki za kijivu na zimekauka kama midomo ya mgonjwa, lakini ni mbao, si kioo. Nilikaa juu yake nikala embe peke yangu.

Jumamosi, 7 Septemba

Leo ni zamu ya mbao saba zilizooza. Nimezing'oa, nimenunua mpya, nikaanza kukata. Ya kwanza nimekata fupi. Ya pili msumeno umepinda. Nikasikia dirisha linagongwa.

"Unakata kwa hasira," akasema kupitia wavu. "Msumeno hausukumwi. Uvute, wenyewe utakula."

Kisha akafunga pazia. Nikauvuta, ukala. Nilipokuwa napigilia ubao wa nne pazia likafunguka kidogo, akasema niache upenyo wa unene wa msumari kati ya ubao na ubao, maji yapate njia. Pazia likafungwa. Nilitabasamu lakini nilihakikisha amekwisha kufunga.

Jumamosi, 14 Septemba

Nimekiosha kibaraza chote kwa brashi na sabuni, na ule ukungu wa kijani wa pembeni umetoka. Mama Rangi alisema ningoje siku mbili au tatu kikauke hadi ndani. Mawingu yamepita mchana, roho ikanipaa.

Jumapili, 15 Septemba

Yale mawingu yalinitia kiwewe. Leo asubuhi mbao zilionekana kavu, nikaanza kupaka mafuta. Yana rangi ya kahawia iliyoiva, mazuri mno. Na kwa kuwa mbao zimeteseka miaka yote hii, nikasema nizishibishe. Nimemimina kama namwagilia mchicha. Theluthi nzima ya kibaraza, upande wa bustani. Nalala na furaha.

Jumanne, 17 Septemba

Bado yananata.

Jumatano, 18 Septemba

Yananata. Vumbi limeganda, majani yameganda, na nzi watatu wamejitoa mhanga.

Mchana akaja Zege kuangalia kazi yake ya mwezi ujao. Kabla sijamzuia akakanyaga. Kiatu kikabaki, yeye akaendelea na soksi. Alicheka mpaka akashika ukuta, na kutoka dirishani nikasikia kicheko cha pili. Mume wangu hajacheka tangu mwezi wa tano. Sikujua nifurahi au nimtupie kopo.

"Shemeji, umejitahidi," Zege akaniambia akichomoa kiatu. "Tarehe ishirini nitakupumzisha."

Alipoondoka nimekaa jikoni nikalia. Nimelia kwa uchovu na kwa aibu. Wiki sita.

Alhamisi, 19 Septemba

Mama Rangi amefunga duka saa ya chakula akaja mwenyewe kuona. Akagusa, akanusa kidole, akauliza niliosha lini na nikapaka lini. Nilipomwambia alifumba macho.

"Mbao inakunywa inachotaka," akasema. "Kinachobaki juu si chake, ni chako. Futa."

Kanuni yake ni hii: tabaka jembamba, subiri robo saa, kisha futa yote yaliyobaki kwa tambara kavu, hata kama roho inauma. Kesho yake rudia mara moja. Basi. Na vichwa vya mbao, pale zilipokatwa, vipewe zaidi, kwa sababu huko ndiko zinakonywea sana.

Jioni nilikuwa nakwangua ule ulimbo wangu mwenyewe, kwa bapa lilelile lililobandua vanishi yake, na ndipo nilipoona nilichokifanya. Nilimimina kwa kupenda. Nilitaka kukipa kingi kuliko kinavyoweza kupokea. Na Fundi naye, ile miaka yote, kila kiangazi akipiga magoti pale na brashi yake, alikuwa anafanya nini kingine? Nimekuwa nikimwona mtu wa sifa. Ni mtu wa sifa, sifuti hilo. Lakini alikipenda, na kosa lake na langu ni kosa moja, tofauti ni kwamba langu lilinata siku tatu na lake lilichukua miaka kumi na mitano kuonekana.

Sijamwambia. Hatuzungumzi kiasi hicho bado.

Jumapili, 29 Septemba

Ulimbo wote umetoka. Siku kumi zimekwenda na maji. Nimebakiza wiki tatu.

Alhamisi, 3 Oktoba

Jana nilianza upya, kutoka mlango wa jikoni kwenda nje. Tabaka jembamba, robo saa, futa. Kufuta kunauma kweli, unaona mafuta mazuri yanaishia kwenye tambara. Lakini baada ya siku moja ni makavu. Nimepitisha kiganja. Rangi ya kahawia, haina mng'ao, unaona kila fundo na kila mshipa wa ubao.

Mume wangu amekaa dirishani mchana kutwa. Hajafunga pazia.

Jumatano, 9 Oktoba

Naandika hili saa kumi na moja jioni.

Leo nilikuwa namalizia mbao za mwisho upande wa bustani. Matambara ya kufutia nilikuwa nayasokota na kuyasukumia kwenye ndoo ya plastiki karibu na mlango wa jikoni, ya leo na ya jana, yamejaa hadi juu. Jua lilikuwa linaipiga ile ndoo tangu asubuhi. Saa nane nilikwenda mbele ya nyumba kuanua mashuka. Nikasikia jina langu, mara moja, halafu kitu kikaanguka kwa kishindo. Nilidhani ameanguka yeye. Nilikimbia na shuka mkononi.

Nilipokata kona nilimkuta amesimama nje. Kibarazani, katikati, na nguo za kulalia, gongo moja chini ya kwapa na lingine limelala mlangoni. Mbele yake ndoo imeyeyuka upande mmoja, moshi mweusi unapanda, na maji ya kuoshea vyombo yametapakaa kila mahali, povu juu ya mbao. Alikuwa ameshika beseni la sinki, tupu.

Moto ulikuwa umeanza ndani ya matambara. Hakuna aliyewasha kiberiti. Nimesoma kopo baadaye: kwa herufi ndogo kama chawa limeandikwa kwamba matambara yenye mafuta hayo yakirundikwa hujipasha moto yenyewe, yaanikwe au yazamishwe majini. Mimi niliyesoma barua za watu miaka thelathini na mmoja, sikusoma kopo.

Aliiambia ndoo, si mimi: "Matambara ya mafuta hayarundikwi. Kila anayekuja kujifunza kwangu namwambia siku ya kwanza."

"Mimi sikuja kujifunza kwako," nikasema.

"Niliyaona tangu saa nne," akasema. "Kutoka dirishani. Nikasema, si anajua kila kitu, na ajionee. Nikanyamaza."

Hapo beseni likamponyoka. Nilimshika kiuno. Niliona hasira ambayo sijaiona tangu tuoane, nikataka kumwambia yote kwa mara moja, na wakati huohuo nilikuwa namshikilia asianguke, kwa hiyo sikuweza hata kumnyooshea kidole usoni. Nikamwambia angeweza kutuunguza sote wawili kwa ajili ya kununa. Akasema anajua. Nikamwambia ni mjinga. Akasema anajua.

Kisha akatazama chini. Alikuwa pekupeku, amesimama ndani ya maji ya sabuni. Akausogeza mguu wa kushoto mbele kidogo, akaurudisha. Akausogeza tena, kwa nguvu, kama mtu anayejaribu kuteleza makusudi. Mguu ulishika. Alifanya hivyo mara nne.

"Siku ile haukuwa ubao mbovu," akasema.

"Najua. Nilikuinua mimi."

"Wiki ile nilikuwa nimepaka mara mbili. Mbona hukusema?"

Nikamjibu kwamba nilitaka kulisema siku ya ile chai, na nikaona sina haki. Akaitikia kwa kichwa. Tulisimama pale mpaka povu likaisha na maji yakapita chini kwenye zile nafasi za msumari. Kisha akasema anataka kukaa, nikamletea kiti, akakaa nje kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tano, mbele ya ubao wenye alama nyeusi ya ukubwa wa sahani.

Alhamisi, 10 Oktoba

Matambara yote yameanikwa kwenye kamba, moja moja, mbalimbali. Ameyahesabu kutoka kwenye kiti.

Jumatatu, 14 Oktoba

Ametembea kibaraza chote, mwisho hadi mwisho, mara tatu. Analalamika kwamba rangi imepoa mno. Analalamika kwamba kwenye ubao wa nne sikupiga msasa sawasawa. Nimemkabidhi msasa. Amekaa kwenye kigoda na kupiga mwenyewe nusu saa, mguu umenyooka mbele, jasho linamtoka, ananifokea nisisimame kwenye mwanga wake.

Jumapili, 20 Oktoba

Zege alifika saa tatu na gari la kokoto na watu wanne wenye sururu. Wingu lilikuwa limetanda tangu alfajiri. Nilikuwa nimejiandaa kugombana, hotuba nzima ilikuwa kichwani, nimeichapa kwa akili na kuirekebisha mara mbili. Sikuhitaji kuitoa. Mume wangu alitoka mlango wa jikoni kwa gongo moja, akasimama katikati ya kibaraza, akamwambia mdogo wake apande.

Zege akapanda. Akapiga kisigino ubao hadi ubao, zote hamsini na mbili, na watu wake wakingoja. Hakuna uliobonyea. Alipofika mwisho mvua ikaanza, ile ya matone makubwa. Watu wakakimbilia chini ya mabati. Zege akabaki, nadhani alitaka kuona maji yatafanya nini. Yalisimama juu ya mbao kwa vitone vya mviringo, yakaviringika, yakapita kwenye nafasi kati ya ubao na ubao. Hakuna dimbwi hata moja.

"Kaka, rudi ndani utateleza," akasema Zege.

"Siangushwi na mbao mimi," akasema mume wangu. "Niliangushwa na vanishi yangu. Peleka kokoto zako kwa anayezihitaji."

Alisema mbele ya watu wanne wa saruji, ambao kufikia jioni watakuwa wamelisambaza mji mzima. Najua kilimgharimu nini. Zege alinitazama, akanipa mkono uliolowa, akasema haya shemeji, umenishinda. Nikamwambia abaki tunywe chai.

Jumatatu, 21 Oktoba

Mvua tangu asubuhi. Nilikuwa napasi jikoni, mlango wazi, yeye amekaa kizingitini anatazama maji. Akaniomba simu. Nilidhani anampigia binti yetu.

Alimpigia daktari wa meno, yule wa barabara ya hospitali. Baada ya salamu aliulizia watoto, akaulizia wagonjwa, mpaka nikaacha kupasi.

"Daktari, kile kibaraza nilichokujengea," akasema. "Kile kinachong'aa. Nilikipaka vibaya. Ndiyo, mimi. Kinaoza chini na kitamwangusha mtu. Kibandueni chote mkianike." Akasikiliza. "Hapana, siji mimi, mguu bado. Na hata mguu ungepona, mimi kazi hiyo siijui. Atakuja mke wangu awaonyeshe."

Akakata, akatafuta namba nyingine. Kuna vibaraza vinne mjini vyenye mkono wake. Aliwapigia wenyewe wote, mmoja baada ya mwingine, na kila mara aliyasema yale maneno upya kana kwamba ya kwanza hayakutosha. Sikumsaidia. Nilisimama na pasi mkononi mpaka nikaunguza kola ya shati lake.

Kwa daktari wa meno natakiwa mvua zikikatika. Ameniuliza nitahitaji nini, nimeanza kumwandikia kwenye ukurasa unaofuata: dawa ya kubandua, mapipa mawili ya maji, matambara mengi, na subira, ambayo nimesema asinunue, nitaleta yangu.